Wazee Wangu Wakae Pwani Bila ya Kazi

"Pwani ya watu nikaifuate ya nini, mwanangu, na pwani ninayo mlango wa uani?"

Hivyo ndivyo Mama alivyonijibu nilipomweleza kwa mara ya kwanza kwamba sisi watoto wake wanne tumekusudia kuwapeleka yeye na Baba kupumzika Maldivi kwa siku nane. Alikuwa kwenye baraza ya nyumba yetu Tumbe, kisiwani Pemba, anapepeta mchele, na wala hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Baba, aliyekaa kando yake akishona jarife, nyavu yake ya kuvulia, hakusema kitu; alivuta uzi, akakaza fundo, akaendelea na kazi yake. Nilirudi Unguja bila ya jibu, na miezi minane ambayo nimeitumia kuipanga safari hii imekuwa, kwa kiasi kikubwa, miezi ya kulitafuta jibu la Mama.

Mama ana haki ya kuuliza, kwa sababu neno pwani yeye na mimi tunalitumia kwa vitu viwili. Amelima mwani tangu zao hilo lilipoenea visiwani kwetu katika miaka ya 1990. Kwake pwani ni kuamka kwa kufuata bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, badala ya saa, kusimama majini hadi kiunoni, kuinama kufunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, vile vijikamba vya kufungia, moja baada ya nyingine, na kupanda na gunia lililorowa kichwani huku maji ya chumvi yakimchirizikia shingoni. Kwa Baba pwani ni mahali pa kutazama mawingu, kupaka chombo mafuta ya sifa na kuhesabu hasara. Sikumbuki hata siku moja niliyowaona wamekaa mchangani hawana la kufanya. Mimi nafanya kazi mapokezi ya hoteli huko kaskazini ya Unguja, huu ni mwaka wa 11 sasa, na kila wiki nawapokea wazee wa watu wenye umri kama wa wazee wangu, walioletwa na watoto wao kutoka Italia, Poland au Afrika Kusini. Nawapa taulo baridi, nawapa dafu, nawaonesha njia ya chumbani. Miaka mingi nilifanya hivyo bila ya kuwaza. Kisha bibi mmoja alinishika mkono, akaniuliza kama mama yangu yu hai, na nilipomwambia yu hai, akaniuliza kama naye huja hapa kupumzika. Mwezi ule ndipo nilipoanza kuweka pesa.

Watu walinishauri Morisi, Shelisheli, hata Uturuki. Nilibaki na Maldivi kwa sababu ambazo mtu anayewajua wazee wangu atazielewa. Kwanza kabisa ni nchi ya Waislamu tangu mwaka 1153, kwa hivyo Mama hatalazimika kuuliza kila sahani imepikwa nini, na azana ataisikia. Viza nayo haina usumbufu: msafiri wa karibu nchi yoyote hupewa ya siku 30 anapowasili, bila ya malipo, maadamu ana pasipoti iliyo hai, tiketi ya kurudi, mahali pa kufikia palipothibitishwa na fedha za kumtosha, kinachobaki ni kujaza tamko la msafiri katika mtandao wao wa IMUGA ndani ya saa 96 kabla ya kufika, kazi ambayo nitaifanya mimi. Lakini sababu iliyomgeuza Baba ilikuwa ni upepo.

Nilimwonesha ramani kwenye simu. Aliitazama kwa muda, akaweka kidole chake kinene juu ya vile visiwa na kukiburuta polepole kuelekea magharibi na kusini mpaka kikafika Pemba. "Kaskazi hutoka huku," alisema. Na ni kweli, kwani upepo unaoitwa kaskazi kwetu, ambao kwa karne nyingi ulivileta vyombo vya Waarabu na Wahindi, ndio uleule unaowaletea Wamaldivi miezi yao mikavu, kuanzia karibu na Januari hadi Aprili. Wao huuita iruvai. Kusi letu nalo huwafikia wao likiwa limegeuka, linavuma kutoka kusini-magharibi, nao huliita hulhangu na ndilo linalowaletea mvua na mawimbi kuanzia Mei. Baba aliyasikiliza hayo akiwa ameacha kushona. Nilipomweleza kwamba Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ndiye yuleyule aliyekwenda kuwa kadhi wa Maldivi miaka 12 baadaye, aliniuliza alisafiri kwa chombo gani. Tangu jioni hiyo Baba hakuwa tena mtu wa kubembelezwa.

Kwa hiyo mwezi ulichaguliwa na upepo na kalenda pamoja: ndani ya kaskazi, lakini kabla ya Ramadhani, ambayo mwaka 2026 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 18 Februari. Wataondoka Zanzibar Jumamosi, tarehe 24 Januari.

Makaratasi yalichukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, na hapa nitasimama kidogo, kwa sababu najua wapo wengi wenye wazee ambao hawajawahi kushika pasipoti. Pasipoti ya sasa ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, ada yake ni shilingi 150,000. Ada si tatizo. Tatizo ni kwamba wazee wetu walizaliwa nyumbani, vyeti vyao vya kuzaliwa vilikatwa wakiwa watu wazima, na kila aliyeshika kalamu aliandika jina kama alivyolisikia. Jina la babu yangu mzaa baba limeandikwa kwa "kh" kwenye cheti na kwa "h" kwenye kitambulisho. Ilibidi tuandike kiapo, tukapeleke, tukasubiri, turudi tena. Anayekusudia safari ya namna hii na aanze kwa kuviweka vyeti vyote juu ya meza moja na kuyasoma majina herufi kwa herufi, kabla hajaangalia bei ya hoteli yoyote. Mimi nilianza na hoteli, na nusura nipoteze malipo yangu ya awali.

Kisha ikaja siku ya alama za vidole. Kijana wa mashine alimwomba Mama aweke vidole vinne vya mkono wa kulia kwenye kioo. Mashine ilikataa. Akaomba avifute, akajaribu tena, ikakataa. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwita Mama "Bi mkubwa", akamletea kitambaa chenye maji ya vuguvugu na mafuta kidogo, akamwekea vidole yeye mwenyewe, kimoja kimoja, na kuvikandamiza. Nilisimama nyuma yao, nikaviona vidole vya mama yangu vimekuzwa kwenye skrini ya kompyuta. Mistari haikuwapo. Pale penye kila mtu michoro yake ya kuzaliwa nayo, yeye ana weupe uliokwaruzwa, kama ukuta uliosuguliwa kwa mchanga. Ni kamba, ni taitai, ni chumvi ya miaka 30 na zaidi. Ilipatikana alama katika jaribio la sita au la saba. Mama aliona haya, akawa anaificha mikono ndani ya buibui, na njiani aliniomba radhi kwa kunichelewesha. Sikuweza kusema neno hadi tulipofika Konde.

Suala la chanjo nalo linataka uangalifu ambao sikuutarajia. Sikutaka kubahatisha kuhusu homa ya manjano, kwa kuwa msafiri anayetoka pande zetu anaweza kuulizwa kadi yake kwenye uwanja wowote wa ndege. Cheti cha chanjo hiyo, tangu Julai 2016, ni cha maisha, na huanza kuhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya sindano, kwa hivyo haifai kuiacha hadi wiki ya mwisho. Lakini kwa mtu aliyevuka miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa, hatari ya madhara huwa kubwa zaidi kuliko kwa kijana, na ni daktari anayepaswa kupima kama apewe au aandikiwe barua ya msamaha. Baba ana miaka 67 na presha. Nilimpeleka akaonwe kikamilifu, na siyo kusimama kwenye foleni ya sindano tu. Dawa zake zitakaa ndani ya mkoba wa mkononi, katika pakiti zake za asili, pamoja na barua ya daktari.

Sasa niseme kuhusu mahali penyewe, ambako ndiko ninakokufahamu zaidi kwa sababu ya kazi yangu.

Maldivi ina visiwa karibu 1,200, na mgeni hufikia katika moja ya aina mbili. Kuna visiwa vya hoteli, ambapo kisiwa kizima ni hoteli moja, na kuna visiwa vya wenyeji, vyenye msikiti, skuli na maduka, ambako nyumba za wageni ziliruhusiwa karibu na mwaka 2010. Picha zote ambazo watu hutumiana ni za aina ya kwanza, na hasa za zile nyumba za nguzo zilizojengwa juu ya maji. Ndugu zangu walizitaka nyumba hizo. Mimi nilizikataa. Nimeona wageni wangu wazee wanavyoteseka na ngazi zilizorowa. Baba huamka usiku mara mbili au tatu. Na kutoka nyumba ya juu ya maji hadi mahali pa kula huenda ikawa mwendo mrefu juu ya mbao kwenye jua kali. Tena mtu aliyelala maisha yake yote akisikia maji yakijaa na kupwa hahitaji kulipa zaidi ili awe juu yake. Nimewachukulia chumba cha chini, mlango wake ukifunguliwa unakanyaga mchanga, karibu na mkahawa, chenye kivuli cha mnazi mbele yake. Niliiandikia hoteli barua pepe tatu kuuliza mambo ambayo hayamo kwenye matangazo yao: bafu lina kizingiti au halina, kitanda kina urefu gani kutoka chini, na msikiti wa wafanyakazi unawapokea wageni au hauwapokei. Walijibu yote, na msikiti unawapokea.

Huko watalala usiku nne. Alhamisi watahamia Maafushi, kisiwa cha wenyeji kilichoko kilomita 27 kusini ya Malé, mji mkuu, walale usiku tatu katika nyumba ya wageni. Nimeipanga Alhamisi kwa makusudi, kwa sababu Ijumaa feri za umma hazitembei, na kwa sababu nataka Baba aswali Ijumaa pamoja na wenyeji, si peke yake katika kisiwa cha watalii. Kwenye visiwa vya wenyeji wageni wanaotaka kuvaa nguo za kuogelea wametengewa pwani yao, kwa hiyo Mama ataweza kuingia majini na nguo zake za stara akiwa kati ya wanawake wanaovaa kama yeye. Naamini Mama atapumua zaidi Maafushi kuliko hotelini. Ndugu zangu wanaamini kinyume chake, na tumekubaliana kutobishana tena.

Kuhusu pesa, ninachoweza kumwambia msomaji ni asiiamini bei ya kwanza anayoiona. Chumba kinachotangazwa kwa dola 200 huongezwa asilimia 10 ya huduma, kikawa dola 220, kisha juu ya hizo hutozwa kodi ya utalii ya asilimia 17, ambayo ilipandishwa kutoka asilimia 16 mwezi Julai 2025, zikafika dola 257 na senti 40. Bado ipo kodi ya mazingira, ambayo tangu Januari 2025 ni dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku kwenye hoteli kubwa, na dola 6 kwenye nyumba za wageni zisizozidi vyumba 50. Kwa watu wawili, chumba cha dola 200 kinakuwa dola 281 na senti 40 kabla mtu hajanywa chai. Na usafiri wa boti kutoka uwanja wa ndege mara nyingi huhesabiwa mbali. Mimi nimekaa upande wa pili wa kaunta, nikawaeleza wageni kuhusu bima ya dola 44 ambayo Zanzibar inawatoza tangu Oktoba 2024, na nimeziona nyuso zao. Afadhali mtu alie kwenye daftari lake nyumbani. Tuligawana sisi wanne: dada yangu aliye Muscat alilipa tiketi, mdogo wangu wa Chake Chake akachukua pasipoti na gharama za hospitali, na hoteli ikawa juu yangu na kaka. Wazee hawajaambiwa kiasi, wala hawataambiwa. Mama angeigeuza bei hiyo kuwa mabati na mifuko ya saruji papo hapo, na asingeondoka.

Jambo lililonikosesha usingizi ni la bahari yenyewe. Mama haogopi maji ya kiunoni, lakini tangu meli ya mv Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa njiani kwenda Pemba na mamia ya watu, hajapanda tena chombo chochote usiku. Kijiji kizima kiliomboleza mwaka ule. Sasa unamwambiaje mtu huyo kwamba akifika ng'ambo atashushwa kwenye ndege na kutiwa botini? Nilianza kwa kuondoa kila uwezekano wa kusafiri gizani. Ndege za kutua majini, zinazowapeleka wageni kwenye visiwa vya mbali, hazirushwi usiku, na anayewasili jioni hulazimika kulala Malé au Hulhumalé, kisiwa jirani yake. Hizo niliziacha kabisa. Nikatafuta kisiwa ambacho boti ya mwendo kasi hufika chini ya saa moja, na tiketi ya ndege inayowafikisha asubuhi. Kisha nikamwambia Mama ukweli wote, dakika kwa dakika: boti ni ya kufunikwa, jaketi la kuokolea watavaa, kutakuwa mchana, na visiwa vinaonekana kila upande. Alinyamaza. Baba ndiye aliyesema, "Nitakaa upande wako wa mawimbi." Halijazungumzwa tena.

Watapitia Doha, na humo ndani ya uwanja watasubiri ndege ya pili. Nimewaombea msaada wa kiti cha magurudumu, ambacho Baba amekataa kukikalia na Mama amekikubali kwa sharti kwamba begi likae juu yake. Saa za tiketi zimenipa kazi. Ndege ya kutoka Doha imeandikwa 02:10, Jumapili. Kwa mtu wa kwetu saa mbili na dakika kumi ni asubuhi, jua limeshapanda. Ndege ingekuwa imeshatua Malé yeye yuko juu ya msala anaswali Dhuha. Na nikisema "usiku wa Jumapili", kijana wa Ulaya ataelewa usiku unaofuata Jumapili, ilhali Baba ataelewa usiku unaoitangulia, ambao ndio sahihi. Nimewaandikia karatasi kwa hati kubwa: saa nane na dakika kumi usiku, usiku wa kuamkia Jumapili. Nimeandika pia kwamba Maldivi iko mbele yetu kwa saa mbili, kwa ajili ya dawa, na kwamba kibla kitabadilika. Hapa kwetu Makka iko karibu sawasawa na kaskazini, na Mama anaijua kwa ukuta wa chumba chake. Kule ataelekea kati ya magharibi na kaskazini. Alipolisikia hilo alitikisa kichwa kwa mshangao wa furaha, kana kwamba sasa ndipo alipoamini kwamba anakwenda mbali.

Mwezi wa Oktoba nilifanya jambo ambalo namshauri kila mtu alifanye: niliwachukulia usiku mbili katika hoteli ndogo ya pwani ya mashariki ya Unguja, wajaribu. Asubuhi ya kwanza nilikwenda kuwagongea saa moja. Mama alikuwa ameshatandika kitanda, amekunja taulo, ameosha vikombe vya chai, na anafagia kibaraza kwa mfagio alioukuta nyuma ya chumba. Msichana wa usafi alipofika na toroli lake hakukuta kazi. Walisimama wakitazamana, msichana ana mashuka mapya mikononi, Mama ana mfagio, na kila mmoja akimwomba radhi mwenzake. Mwishowe Mama alishika ncha mbili za shuka na msichana akashika mbili, wakatandika pamoja, wakiulizana habari za kwao. Baba hakuwapo. Nilimkuta mwendo wa dakika 20 kutoka hapo, amekaa juu ya dau la watu, anawaonesha vijana jinsi ya kuziba tundu la nyavu.

Nilikuwa nimejiandaa kuwasihi wapumzike, wakae, waache. Nikaona kwamba nakosea. Wageni ninaowapokea kila siku hujua kuhudumiwa kwa sababu wamezoea tangu udogo. Wazee wangu wamezoea kukaribishana, jambo ambalo mgeni na mwenyeji wote huwa na mkono ndani yake. Nilirudi kwenye mpango wangu na kufuta nusu yake. Niliondoa masaji, chakula cha jioni cha mishumaa na safari ya kuwatazama pomboo, ambao Baba amewaona maisha yake yote. Nikaacha asubuhi zikiwa tupu. Niliomba Baba apelekwe siku moja baharini na wavuvi wa jodari, kwa kuwa Wamaldivi wanasifika kwa kumvua jodari kwa fimbo na ndoana, mmoja mmoja, bila ya nyavu, na hilo yeye atakwenda nalo Tumbe akalisimulie mpaka mwakani. Niliandika pia kwamba siku ya kuondoka, kabla ya uwanja wa ndege, wapelekwe kwenye Msikiti wa Ijumaa wa kale wa Malé, uliojengwa mwaka 1658 kwa mawe ya matumbawe yaliyochongwa, wauguse ukuta wake. Ni mawe ya bahari kama ya misikiti yetu ya zamani.

Chakula hakinitii wasiwasi. Asubuhi kule watu hula mas huni, yaani jodari aliyechambuliwa na kuchanganywa na nazi ya kukuna, kitunguu, pilipili na ndimu, kwa mkate wa roshi ambao ni chapati kwa jina jingine. Nilimsomea Mama namna inavyopikwa. Alisema nazi isikunwe mapema.

Baba aliuliza swali moja tu la kivuvi: maji yanakupwa kiasi gani? Nilimwambia kwamba tofauti ya maji kujaa na kupwa kule haifiki hata mita moja na nusu, ilhali kwetu bamvua huvuka mita tatu na bahari ikaondoka hadi mwambani. Hakuamini. Kwa mara ya kwanza Mama aliingilia kati mazungumzo ya safari bila ya kuulizwa. "Basi kule hakuna wa kulima mwani kama wetu," alisema, "maji hayawaachii nafasi." Akafikiri kidogo. "Na mtu akikaa pwani, hapana kinachomwambia aondoke."

Wiki iliyopita nilikwenda Tumbe na mabegi mawili mapya. Mama ameanza kusuka ukili, wa rangi ya zambarau na kijani, kwa ajili ya mkeka. Nilidhani ni wa harusi ya jirani. Aliniambia ni wa yule mwanamke wa nyumba ya wageni ya Maafushi, anayeniandikia, kwa sababu haendi kulala kwa watu usiku tatu mikono mitupu. Nilimweleza kwamba usiku zile zimelipiwa. Alinitazama kama anavyonitazama ninaposema jambo la kitoto, akauliza mwanamke huyo ana watoto wangapi na sebule yake ina upana gani. Nimeandika kuuliza. Ukili umefika pima tano.